Masikio ya Mpiga Kura

Jana usiku, kesho yake ikiwa kura za maoni za chama, niliota nimefika ukumbini nikazuiwa mlangoni na sanduku la kura. Lilikuwa limevaa miwani, na lilikuwa na mafua.

"Mjumbe Elinami," likasema, "vua masikio."

"Kwa nini?"

"Kanuni. Mlikubaliana wenyewe kikaoni: mjumbe asisikilize kwa sikio lake, asikilize kwa sikio la mpiga kura wa uchaguzi mkuu wa Oktoba. Hatutafuti diwani tunayempenda. Tunatafuta atakayeshinda." Likapiga chafya.

Sikubishana. Kanuni hiyo tuliipitisha kweli, na mkono niliunyoosha. Nikavua masikio, yakatundikwa msumarini, nikapewa ya mtu wa ng'ambo ya korongo ambaye hajawahi kukipigia chama chetu kura. Yalikuwa makubwa na ya baridi.

Wagombea ni wawili. Wa kwanza ni Bwana Kiangi, ambaye kwa miaka kumi ya udiwani wake hajaitengenezea kata hata kalvati moja. Wa pili ni dada yangu, Nakiete. Mama alipofariki nilikuwa na miaka mitano. Nakiete ndiye aliyenilea, akanisomesha, akanitafutia na mke. Maji ya bomba tunayokunywa aliyafuatilia wilayani miaka mitatu, kwa miguu. Udiwani huu ameutaka tangu mumewe angali hai.

Bwana Kiangi anaongea. Sauti yake inaingia kama samli kwenye wali wa moto. Sijui amesema nini. Napiga makofi.

Dada anasimama. "Nd-nd-ndugu w-wajumbe," anasema, nami nashtuka. Watu siku zote wamesema Nakiete ana kigugumizi, na mimi siku zote nimewaona wazushi. Miaka arobaini na miwili sijawahi kukisikia.

"Huyu jukwaani watamcheka," likanong'ona sikio la kulia.

"Wameshamcheka," la kushoto likajibu. "Oktoba tumekwisha."

Nataka kuyaambia yanyamaze. Dada anazungumzia zahanati, jambo la maana kabisa, lakini mimi nahesabu mara anazokwama na maneno yenyewe yananipita. Nikamwonea aibu. Mungu anisamehe, mtu aliyeniogesha, nikamwonea aibu.

Nikageuka. Ukumbi mzima wajumbe wamevaa masikio yasiyo yao, wengi wanalia, na wote wanaandika Kiangi.

"Mimi nampenda sana," akasema Mama Navoneiwa, mwenyekiti wa akina mama, akifuta machozi kwa khanga. "Ila watu, mwanangu. Watu hawatamkubali."

"Watu gani, mama?"

"Wale wa ng'ambo."

Hapo ukumbi ukawa korongo. Nikavuka kwenda kumtafuta mwenye masikio, nikamkuta anapalilia maharage, mzee mpole, amevaa yangu. Yalimkaa kuliko yalivyonikaa mimi.

"Shikamoo, mzee. Nimekuja tubadilishane."

"Marahaba. Hapo sahau, mwanangu. Nimemsikia dada yako mwanzo mpaka mwisho. Anasema vizuri yule mama! Hakwami hata mahali pamoja. Oktoba ningempa kura yangu, na mke wangu angempa yake. Mbona hamkumsimamisha?"

Nikamwambia ni kwa sababu yake.

"Yangu mimi?" Akaegemea jembe, akafikiri. "Si mngeniuliza."

Akarudi kwenye maharage yake. Nikabaki nimesimama pale nikilia kama mtoto, na kilio changu mwenyewe nikakisikia kama cha jirani.

Niliamka alfajiri. Dada alikuwa amekwisha kufika ili tuongozane ukumbini kama tulivyopatana. Alikuwa ameketi sebuleni, amejimiminia chai, amevaa gauni lake la kanisani.

"Mdogo wangu," alisema, "leo usiende mbali na mimi. Naomba tu M-Mungu anipe n-n-n..."

"Nguvu," nikasema.

Wote humfanyia hivyo: mchungaji, wauza duka, hata wanawe. Mimi sikuwahi, tangu nizaliwe, kummalizia Nakiete neno. Akaweka kikombe chini taratibu, akanitazama kama anavyowatazama wao.

"Ningelimaliza mwenyewe, Elinami," alisema.