Kopo la Kuamshia Pampu

Jumamosi hiyo Pelagia alitoka mlango wa nyuma na beseni la nguo, maana hajawahi kuiamini mashine ya kukaushia, akakuta pampu ya mkono imesimama katikati ya majani. Ilikuwa ya chuma, imepakwa rangi ya kijani, na sakafu yake ya saruji ilionekana kongwe kuliko nyumba yenyewe. Wanawake waliovaa sari walikuwa wamepanga foleni kando ya uzio, kila mmoja na mtungi wa alumini kiunoni. Waliingilia kwenye kigeti cha kupitishia mapipa ya taka. Pelagia akawasalimu, akaanika nguo zake, akarudi ndani kumwambia mumewe, Edson, asikate majani upande ule.

Kabla chai haijaiva alikuwa ameshajua habari yote. Jorina, aliyekuwa wa mwisho kwenye foleni, alimweleza kwa Kibengali, na yeye akauliza maswali kwa Kiswahili. Kwa mambo ya maji lugha hizo mbili zilitosha. Kijijini kwao Bengali pampu nyingi zilikuwa zimepakwa rangi nyekundu, kwa sababu maji yake yana sumu ya ardhini isiyo na rangi wala ladha. Serikali ikachimba kisima kimoja kirefu, salama, ikaipaka pampu yake kijani. Mwenyekiti wa kata alikuwa ametaka kichimbwe ndani ya ua wake, na ndiko kilikochimbwa. Tangu hapo alifungua geti jioni na kulifunga adhana ya isha inapomalizika, na mlinzi wake ndiye aliyepanga nani atangulie. Jorina aliwahi kuuliza mkutanoni kwa nini mali ya wote ikae kwa mmoja. Ndiyo maana alikuwa wa mwisho.

Sasa pampu ilikuwa imehama. Lilibaki tundu uani kwa mwenyekiti, na aliyeingia kwenye tundu hilo alitokea Pearland, Texas, nyuma ya mapipa ya Pelagia. Jioni ya kule ni asubuhi ya Texas, hivyo wanawake walikuja na giza lao kidogo, likakaa kwenye foleni mpaka walipoondoka.

Pelagia ni nesi wa miaka mingi kwenye mahospitali makubwa ya Houston. Alivishika viganja vya Jorina, akavigeuza. Vilikuwa vimejaa vinundu vigumu vya sumu ile. Dawa yake ya kwanza ni maji safi, na Jorina alikuwa na mjukuu ambaye viganja vyake bado vilikuwa laini. Alitaka vibaki hivyo. Hakuwa na haja nyingine.

Chama cha wenye nyumba wa mtaa, chenye sheria zake kuhusu nyua, kilimtuma mama mmoja na futi ya kupimia. Aliipima pampu, akaona haiuzidi uzio kwa urefu, akaondoka ameridhika.

Pampu yenyewe ilikuwa mzee. Ikishinda bila kutumika koo lake hukauka, na haitoi maji mpaka inyweshwe kwanza. Kwa hiyo anayeteka wa mwisho hujaza kopo la bati na kuliacha pembeni, la kuiamshia pampu kesho yake. Kwa kuwa wa mwisho alikuwa Jorina, kopo likawa kazi yake. Hakumweleza mtu, maana hakudhani kuna mtu mzima asiyejua jambo kama hilo. Lakini Pelagia alikulia Ngara, kwenye chemchemi inayotoka mwambani bila kubembelezwa, na Edson alikulia mjini.

Edson ni mtu wa mpangilio, na matangazo ya mbu yalikuwa yamemkaa kichwani kuliko mahubiri ya mchungaji. Kila jioni alizunguka nyumba akimwaga maji yaliyotuama: visahani vya maua, ndoo, hata sinia la ndege. Jioni moja akaliona kopo. Akalimwaga, akalipangusa vizuri, akaliweka kifudifudi. Alfajiri akaondoka zake kwenda kazini, mji wa Katy.

Pelagia aliporudi kutoka zamu ya usiku aliwakuta wanawake wamekaa chini na mitungi mitupu. Mkono wa pampu ulipanda na kushuka bila kitu. Bomba la bustani lilikuwa pale pale ukutani na hakuna aliyeligusa. Hilo lilimuuma Pelagia mpaka machozi yakamlengalenga. Akalifungua, akamwita Jorina alete mtungi wake.

“Hapana, dada,” Jorina alisema. “Hilo ni lako. Hii ndiyo yetu. Tupe kopo moja tu, la kuiamshia.”

Pelagia akampa. Pampu ikakohoa, ikatema kutu, ikaanza kutoa. Mtungi wa kwanza haukuwa umefika nusu, adhana ya isha iliposikika nyuma ya mapipa, na wote wakaondoka mbio, maana geti likifungwa mtu akiwa Texas, atalala Texas. Usiku wao ule walikunywa maji ya pampu nyekundu, na mjukuu wa Jorina pia.

“Nili-empty kila kitu, Mama Glory,” Edson alimwambia mkewe aliposikia. “Nilijua nasaidia.” Hakula chakula chake. Tangu siku hiyo kila jioni hulifunika kopo kwa kisahani, mbu wasiingie.

Afisa wa maji wa wilaya ya kule alikuja pia, mtu mpole aliyevua viatu kabla ya kukanyaga majani. Alipampu mwenyewe, akaonja, akasema pampu inafanya kazi na kijiji kimehudumiwa. Pelagia akamweleza kuhusu geti. Afisa akajibu, kwa masikitiko ya kweli, kwamba geti si la idara yake. Kuhusu pampu nyingine, haikuwezekana, kwa kuwa kijiji tayari kina moja.

Mambo yakazoeleka. Edson hukata majani kuizunguka foleni, na Pelagia akiwa nyumbani humpelekea Jorina chai akingoja zamu yake.

Asubuhi moja mlinzi alichelewa kufungua, na Jorina alipoifikia pampu adhana ilikuwa imeanza. Muda ulitosha kujaza kitu kimoja. Pelagia alimwona akiutazama mtungi, kisha kopo. Jorina akajaza kopo, akalifunika kwa kisahani cha Edson, akaubeba mtungi mtupu kiunoni kama ulivyobebwa siku zote.

“Kesho, dada,” alisema, akapita kwenye mapipa.

Upande wa pili kufuli likafungwa.