Uwanja wa MaTshuma

Sibonile alisimamisha ufagio hewani. Mbele yake, katikati ya uwanja, kiwavi mnene wa mopani alikuwa akigonga ardhi kwa kichwa. Aligonga, akasogea kidogo, akagonga tena. Ardhi haikumwonea huruma. Uwanja ule ulikuwa umefagiliwa kila asubuhi tangu mamamkwe wake, MaTshuma, alipoolewa hapo, na sasa ulikuwa mgumu kama sakafu ya saruji. Jogoo alikuja mbio, akamdonoa yule kiwavi, akammeza, akajipangusa mdomo chini kama mzee aliyetoka karamuni.

Sibonile akainua macho. Kwenye mashina ya miti mitatu ya mopani iliyosimama kati ya lango na jiko, viwavi walikuwa wakishuka. Walikwisha kushiba. Sasa walitaka kuingia ardhini, walale humo kipindi chote cha baridi, hadi mvua za kwanza ziwatoe wakiwa nondo, waende kutaga mayai mitini. Kila mwanamke wa Gwanda alijua hayo. Lakini mwaka jana, alipowaona wakizurura hivi hivi uwanjani, Sibonile alifurahi. Kiwavi anayeshuka hana kitu tumboni, hakuna haja ya kumkamua uchafu wa kijani mpaka vidole viume. Unamwokota, unamchemsha kwa chumvi, unamwanika. Aliwafagia ndani ya ndoo huku akiimba, na waliobaki wakaliwa na kuku. Msimu huu viwavi walipopungua, alimshuku jirani kwa jicho baya.

Jicho baya! Kumbe ni ufagio wake mwenyewe.

Na porini hapakuwa tena pa kukimbilia. Malori ya wanunuzi yalikuja kutoka mjini, watu wakaingiwa na pupa, wakawa wanaangusha mti mzima ili waokote viwavi bila kuupanda. Magogo wakayachoma mkaa. Ng'ambo yote ya mto hakuonekana kiwavi hata wa dawa. Hawa waliokuwa wakigonga vichwa uwanjani ndio mbegu iliyobaki. Sibonile aliogopa, kisha akakasirika. Akautupa ufagio, akaenda kuchukua jembe.

"Wifi!" Lindeni alitoka jikoni mikono ikiwa na unga. "Wifi, umelogwa? Kesho washenga wangu wanakuja!"

"Najua."

"Sasa unalima uwanja? Watapita wapi?"

"Watapata pa kupita. Wana macho."

Lindeni akaangua kilio, na kilio kikamtoa MaTshuma chumbani. Yule mama aliutazama udongo uliofumuka, akamtazama mke wa mwanawe. Sibonile akapiga magoti kwa heshima, ila mkono haukuachia mpini.

"MaNgwenya," MaTshuma alimwita Sibonile kwa jina la ukoo wake, polepole, na ole wako akisema polepole. "Nieleze, huenda ni macho yangu yamezeeka. Naona kama mtu anapanda mahindi mlangoni pangu."

"Si mahindi, Mama. Macimbi, viwavi wetu hawa, hawana pa kulala. Ardhi yetu imewakatalia."

"Washenga wakikuta zizi la nguruwe hapa, watasema nini?"

"Watasema mke wa mwanao ni mchafu. Waseme, nitabeba mimi."

"Na Lindeni asipoolewa, utambeba pia?"

"Mama, mwakani sima utaila na nini?"

"Nitaila na aibu yako. Itanitosha."

Tangu aolewe, Sibonile hakuwahi kumvunjia neno mamamkwe. Lakini aliinuka, akapandisha jembe, akalishusha.

Mvua zilikwisha zamani na udongo ulikuwa mkavu. Alimwaga maji, akangoja yanywewe, akalima, akamwaga tena. Aliuvunjavunja udongo kwa vidole hadi ukawa laini, akatandaza majani makavu juu yake, akazungushia miiba. Kuku akawafunika chini ya matenga. Wanawake waliokwenda kisimani wakajazana kwenye uzio.

"MaNgwenya, ukimaliza hapo uje unilimie na chumbani!"

"Toa kitanda, nakuja," alijibu bila kuinua kichwa.

Wakacheka, wakaenda kuisambaza habari. Baadaye kiwavi wa kwanza akafika kwenye udongo uliolimwa. Aligonga kwa kichwa, kichwa kikazama. Akajisukuma, akajisukuma tena, mpaka mgongo wake wote ukapotea chini ya majani. Sibonile akajikuta analia.

MaTshuma alikuwa amekaa kwenye mkeka, amempa Sibonile mgongo. Jua lilipopinda, alikuwa amegeuka nusu, amekaa upande. Kuku mmoja akaponyoka tengani, akaelekea kwenye miiba, na mara ndara ikapita hewani ikamkosa kidogo.

"Ana kelele," MaTshuma aliuambia mkeka.

Washenga walifika asubuhi na mapema, wanaume watatu wenye makoti na viatu vilivyong'arishwa. Walisimama langoni, wakapaza sauti kuomba undugu mwema. Hakuna aliyewajibu. Ndivyo inavyotakiwa: wenye nyumba hujifanya viziwi, hawatoi hata neno mpaka wageni waweke kitu cha kuwafungua mdomo. MaTshuma alikuwa ameapa kwamba kwa binti yake wa pekee, mdomo wake hautafunguka bila mbuzi aliyenona.

Ndani ya jiko wenye nyumba walibanana kimya. Lindeni aliuma kitambaa chake. Wageni waliomba, wakakohoa, wakaomba tena. Jua likawachoma. Hatimaye mkubwa wao, jitu la viatu vipana, alisukuma lango na kuinua mguu juu ya miiba ili akajikinge kwenye kivuli cha mopani.

Sibonile alishika mwimo wa mlango. Mke wa mwana hana sauti katika mambo hayo, lakini alivuta pumzi apige kelele. Akawahiwa.

"We! Mguu huo!" MaTshuma alikuwa amekwisha kutoka nje, kilemba kimemkaa upande. "Urudishe! Zungukeni kule zizini, hapo pamelaliwa!"

Lindeni akajifunika uso. Mshenga alibaki na mguu hewani, na tabasamu likamjia taratibu.

"Mama," alisema, "mdomo umefunguka. Na bure!"

"Umefunguka," MaTshuma alisema. "Zunguka."

Wakazunguka mmoja mmoja kupitia zizini, wameinua suruali, viatu vikizama kwenye mavi ya ng'ombe. Walipotokeza upande wa pili, mbele ya kiatu cha yule mkubwa, kiwavi aliyechelewa alikuwa akikatiza kuelekea kwenye udongo uliolimwa. Mshenga akamtazama MaTshuma. MaTshuma akainua mkono. Wakasimama wote watatu kwenye jua, wakangoja apite.