Mti wa Kitovu cha Eulogio

Maiti ya Eulogio ilikuwa imelazwa mkekani tangu alfajiri, miguu ikielekea mlangoni, na mpaka jua linapanda haikuwa na jeneza. Hermelinda alimfunga marehemu mumewe kidevu kwa kitambaa chake mwenyewe cha kichwa, akamnyoosha vidole vilivyojikunja, kisha akatoka uani walikokaa wanaume wakinywa kahawa.

"Mnangoja nini? Mti wake si mnaujua?"

Hakuna aliyeinua macho. Mmoja akaipuliza kahawa iliyokwisha kupoa kitambo.

Kwetu Santa Rufina mtoto wa kiume akizaliwa, baba yake hupanda mlimani na kitovu, akakizika chini ya msonobari mchanga. Siku akifa, ndugu zake huukata mti huo, wakamchongea jeneza, na mabaki wakayapikia maharage ya matanga. Anayezikwa kwa mbao nyingine hana mlango wa kuingilia kwa wafu, hurudi kuutafuta. Watu wa mjini huita hayo mambo ya kizamani. Waite wapendavyo, wao hawajawahi kulala nyumba moja na mjane wa mtu wa namna hiyo.

Mara akaingia Crisóforo, mdogo wake Eulogio, mwenyekiti wa kamati ya msitu. Alikuwa amevaa ile kofia yake yenye picha ya tone la maji. Akaivua.

"Pole, shemeji. Pole sana."

"Nimepoa. Nipe shoka."

"Shemeji, mashoka yote yako ofisini. Yamefungiwa tangu tulipotia saini mkataba wa kutokata miti, unajua."

"Na ufunguo anao nani?"

Mkono wa Crisóforo ukaenda mfukoni wenyewe, akauondoa haraka.

"Ule mti una namba. Ukianguka mmoja wenye namba, kijiji kizima kinakosa malipo. Kuna jicho huko angani linapiga picha, halilali. Na injinia anakuja kukagua wiki ijayo. Unataka niwaambie nini watu?"

"Waambie kaka yako amekufa. Ile namba kaigongelea nani?"

Crisóforo akaikunjakunja kofia yake.

"Kaigongelea kaka yako mwenyewe," akasema Hermelinda. "Kwa nyundo yake mwenyewe. Na wewe ulimshikia misumari."

Tusiseme uongo, fedha zile zilitufaa. Mji ulio bondeni na kiwanda cha maji ya chupa walikubaliana kutulipa ili tuulinde msitu unaotunza maji yao: tusikate, tusichome, tusichunge. Shule ikapata paa. Dawa za kifua cha Eulogio zilinunuliwa kwa fedha hizo hizo, na Hermelinda alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono mkutanoni kukubali. Hakuna aliyetulazimisha.

Ila kuna jambo tulilolifanya kwa ujinga wa kujisifu. Mainjinia walipokuja kuchagua miti ya kupimwa kila mwaka, walituomba tuwaonyeshe iliyo mizuri kuliko yote. Basi kila mwanamume akawapeleka kwenye mti wake! "Njooni muuone wangu! Wa huyu ni kijiti tu mbele ya wangu!" Eulogio aliucheka mti wa mdogo wake siku nzima, akagongelea vibati vya namba, chake na cha Crisóforo kando yake, namba zikifuatana. Walirudi nyumbani wamelewa, wakiimba.

Jeneza lililetwa na gari la mradi kesho yake. Bure kabisa, walisema, msaada kwa familia. Lilikuwa la maranda yaliyogandishwa kwa gundi, limepakwa rangi lifanane na mbao, na kwenye kifuniko wamebandika picha ya mti. Mvua ilitukuta njiani. Tulipofika makaburini limeshavimba, na wabebaji wakalikumbatia kwa chini maana kitako kilianza kulegea. Hermelinda alitembea nyuma yake akiomba radhi, hakuwa akimwomba Mungu, alikuwa akimwomba mumewe.

Baada ya siku chache tukaanza kusikia.

Du. Du. Du. Ilitoka mlimani wakati wa alasiri. Walinzi wa msitu walipanda mbio wakidhani kuna mwizi wa mbao, wakarudi mikono mitupu. Halikuwa shoka. Shoka tunalijua, tumekua nalo. Shoka lina makali, hulia likauma. Hii ilikuwa sauti butu, ya kitu laini kikigonga kitu kigumu. Wanawake waliokuwa wakisaga mahindi walisimama wakatazamana, kisha wakaendelea kusaga kwa nguvu zaidi ili wasisikie.

Hermelinda alielewa siku ya kwanza tu. Akakaa kizingitini akiwa amekumbatia magoti.

"Anatumia mikono," akasema. "Jamani, mume wangu anakata kwa mikono. Shoka lake si mmelifungia!"

Injinia Robledo alifika wiki iliyofuata na maboksi ya kofia. Akatukusanya ofisini, kijana mchangamfu, mwenye sauti nzuri. Nyuma yake kulikuwa na mlango wa stoo, na ndani ya stoo mashoka yetu.

"Hongereni sana! Nimeona picha. Hakuna hata mti mmoja ulioguswa! Mkataba unaongezwa."

Tukapiga makofi. Makofi yalipotulia, ikasikika: du, du, du.

"Ni nini hicho?" akauliza injinia.

Tukatazama miguu yetu.

"Kigong'ota, bwana injinia," akajibu Crisóforo.

"Kigong'ota! Safi!" Akaandika. "Ndege wanarudi. Hilo linatuongezea alama."

Hermelinda akasimama. "Huyo ni mume wangu."

Injinia akamgeukia Crisóforo. "Mama anasemaje?"

"Amefiwa."

"Aa! Pole sana, mama. Lile jeneza lilifika salama?"

"Lilifika. Nakuomba shoka, baba. Mti mmoja tu."

"Mama, ingekuwa ni mimi, ningekupa sasa hivi. Lakini nikikupa wewe leo, kesho atakuja nani? Keti, mama, umechoka." Akamfungulia chupa ya maji, akampa kwa mikono miwili, kwa heshima.

Hermelinda akaitazama ile chupa. Yalikuwa maji ya mlima wetu. Akaiweka mezani taratibu, asiimwage, akajitanda mtandio na kutoka.

"Kesho asubuhi nitapiga picha vibati," akasema injinia, akaanza kugawa kofia.

Crisóforo alimfuata shemeji yake mlimani baada ya muda. Alimsikia kabla ya kumwona. Mtandio ulikuwa chini, na Hermelinda amesimama mbele ya msonobari wa Eulogio akiupiga kwa ngumi, mkono huu, mkono ule, bila haraka, kama mtu anayetwanga. Gamba la mti halikuwa hata na mkwaruzo.

"Pumzika, mzee," alikuwa akisema. "Kaa chini upumzike. Sasa zamu yangu."

"Shemeji. Shemeji, acha! Watu watasema umerukwa na akili."

"Nikiacha anaanza yeye."

Crisóforo akamshika viganja vyote viwili. Vilikuwa vimevimba, ngozi imechunika, moto kabisa. Msitu ukanyamaza. Kisha upande wa pili wa shina ikaanza: du, du, du.

Hakuzunguka kwenda kutazama. Macho yake yaliangukia msonobari wa jirani, wake mwenyewe, wenye namba inayofuata, akayaondoa upesi. Mkono wake ukaingia mfukoni, ukaugusa ufunguo. Hermelinda aliuona mkono huo, akangoja.

Crisóforo akatoa leso. Akasogea kwenye mti, akaitemea mate, akaanza kufuta damu kwenye kibati, taratibu, mpaka namba ikasomeka.