Swali la Mwalimu Ndung'u

"Hii si yako," Mwalimu Ndung'u alisema, akiinua kikasha cha jometri kutoka mezani pa Maggie.

"Ni ya Awiti, mwalimu. Alinipea Ijumaa. Alisema haihitaji tena, na sweta akampea Wanja."

Wiki moja nyuma angalipita tu. Alikuwa amefundisha hesabu miaka ishirini na sita katika shule hiyo ya kutwa ya Kiuu, na wanafunzi walimjua kwa ukali. Lakini Jumamosi alikuwa ametumwa Thika, kwenye mafunzo ya walimu ya kuzuia wanafunzi kujiua. Hakutaka kwenda, lakini wenzake wote walikuwa na udhuru. Alikaa nyuma amekunja mikono. Mkufunzi alisema mtoto akianza kugawa vitu vyake aulizwe waziwazi, kwamba swali halimtii mtu wazo ambalo hana. Walipofanya mazoezi wawili wawili, Ndung'u alikohoa tu. Neno lenyewe lilikataa kutoka.

Kipindi kilipoisha alimwita Awiti kwenye maabara iliyokuwa tupu, akaketi kando yake kwenye benchi.

"Awiti, umekuwa ukifikiria kujiua?"

Sauti ilimtoka ikikwaruza. Kengele ililia. Hakuna aliyeinuka.

"Ndiyo, mwalimu," msichana akasema, macho sakafuni.

Maneno yalimjaa Ndung'u mdomoni: mtihani, Mungu, jinsi mama wa Awiti anavyojinyima. Akayameza yote.

"Asante kwa kuniambia. Sitakuacha peke yako."

Awiti akaanza kuongea, kwanza kidogokidogo, kisha kwa kwikwi. Alikuwa amebeba mengi, tangu Aprili. Kidato cha nne, darasa lake lililofuata, kilikaa bila mwalimu kipindi kizima. Ndung'u hakumkatiza hata mara moja.

"Tumpigie mama," alisema mwishowe.

"Yuko kazi. Ataskia vibaya."

"Ataskia vibaya, ndiyo. Na mimi nitakuwa hapo."

Mama alikuja mbio. Mchana huohuo wote watatu walikuwa hospitalini, na mshauri akakaa na Awiti zaidi ya saa moja. Mlango ulikuwa umefungwa. Mama hakuweza kuketi.

"Mwalimu, ulijuaje? Mimi nalala na yeye chumba kimoja na sikujua."

"Hata mimi sikujua, mama. Niliuliza tu."

Mlango ukafunguliwa. Mshauri alisema wamepanga mambo pamoja, na kwamba Awiti atarudi kumwona Alhamisi. Macho ya msichana yalikuwa yamevimba.

"Mama, nasikia njaa," akasema.

Mama akacheka huku akilia, akamshika mkono. Ndung'u alitaka kuwasindikiza, lakini akarudi kitini na kufungua kifungo cha shingo. Kupitia dirishani aliwaona wakivuka uwanja polepole. Mama alikuwa ametoka kiwanda cha nguo bila hata kujipangusa, na Awiti, wakitembea, alikuwa akimtoa nyuzi za cherehani mabegani, uzi mmoja baada ya mwingine.