Kifungo cha Tano

Mama Redio, jirani ambaye habari hailali mdomoni mwake, anadai Shangazi, mpiga ngoma wa kikundi, aliitupa ngoma katikati ya mazoezi, akawaambia wanakikundi watafute mjinga mwingine, akatoka kichwa juu. "Nimeona kwa macho yangu haya!" Wakati huo Mama Redio alikuwa kwake anafua.

Binti fundi cherehani, aliyekuwa akimpima kiuno, aliandika kipimo tu. Yeye alikuwepo. Shangazi yake hakutupa kitu. Aliiweka ngoma chini taratibu, kama anayelaza mtoto, akasema, "Haya, endeleeni."

Chanzo ni vifungo vya shati. Mwalimu wa hesabu, alipoleta suruali ipunguzwe, alimwonyesha kanuni moja: chora duara, lizungushie nukta kumi na sita, kisha tawanya vifungo vitano visisongamane. Zunguka na kidole, gonga kila penye kifungo. Hapo una mdundo. Binti akachora kwa chaki kwenye meza ya kukatia. Akapanga kwanza pigo la Shangazi, lile alilopigiwa mgongoni akibembelezwa tangu mama yake alipofariki. Vifungo viwili vya mwisho vilikuwa vimebanana. Akakisogeza cha tano mbele, nukta moja tu.

Juu ya pigo hilo akakitungia kikundi wimbo, na wimbo ukawapanda watu miguuni. Ila mkono wa Shangazi, kila duara likifika mwisho, ulitua mapema.

"Mama, umri huo," walimwambia. "Pumzika kidogo." Ngoma akapewa mmoja wao, dereva wa lori. Binti, aliyejua kilichohama, alikazana kutazama sakafu.

Leo, Mama Redio alipoondoka tu, Shangazi akaingia na gauni la kuvaa kesho, siku ya kurekodi. Alitaka akasikilize akiwa nadhifu. Macho yake yakaangukia mezani, kwenye duara la vifungo.

"Unacheza bao peke yako, we mtoto?"

"Ni wimbo, Shangazi. Zunguka na kidole, gonga penye kifungo."

Shangazi akaweka kidole, akazunguka, akigonga. Alipofika mwisho kidole kikatua patupu, kifungo kipo mbele yake. Akarudia.

"Hiki nani kakisogeza?"

"Mimi."

"Lini?"

"Kabla ya mazoezi."

Shangazi akavuta kigoda, akakaa, akaugeuza mkono wake wa kulia kama aliyeokota kitu kilichopotea. "Na mimi kila usiku naukanda kwa maji moto! Nikadhani umeniaga."

Binti alitaka apigwe walau kofi. Hakupigwa.

"Kirudishe, mwanangu," Shangazi akasema, sauti imeshuka. "Kesho tu. Nipige na wenzangu mara moja, halafu nitakaa mwenyewe, bila kukalishwa."

Nje wanakikundi walikuwa wanakuja, dereva mbele na ngoma, wakiimba ule wimbo. Binti alinyoosha mkono hadi kwenye kifungo cha tano, akakishika. Chini ya meza mguu wake ulikuwa tayari unaufuata wimbo, kwa pigo jipya, na Shangazi alikuwa anautazama mguu huo.