Urefu wa Wageni

Nawoi alipokea kopo kutoka mikononi mwa Aluong, akamimina maji kwenye jerikeni, akalirudisha tupu. Yalikuwa makopo ya mafuta ya kupikia, yale ya msaada, yaliyokatwa juu na kutiwa ushikio wa ngozi. Aluong alisimama ndani ya kisima, kichwa chake kikiwa sawa na miguu ya Nawoi. Chini ya Aluong alisimama mtu mwingine, na chini yake mwingine, kila mmoja ameweka nyayo kwenye matundu yaliyochimbwa ukutani. Wote waliimba wimbo wa kunywesha ngamia ili mikono isipishane. Chini kabisa alikuwa Akuwam, mdogo wake Nawoi, akichota.

Asubuhi hiyo kopo lilichelewa kufika kuliko jana.

Kisima kilikuwa kwenye mchanga wa laga, mto uliokauka, nje kidogo ya Lodwar, kando ya barabara ya Lorugum. Mama yao ndiye aliyekichimba, na kwa miaka yote watu wanne walitosha kuteka maji yake. Kisha, mwaka 2012, ikatangazwa kwamba mafuta yamepatikana upande wa kusini, na watu wakaanza kuja. Walikuja wapima ardhi, na wauzaji wa ardhi iliyopimwa, mafundi wa mabati, wahubiri, wasichana wa hoteli. Kila mgeni aliyekuja kukaa alipokunywa maji ya kisima kile kwa mara ya kwanza, kisima kilishuka kwa urefu wake. Waliokuwa warefu walikishusha sana. Karani mmoja wa benki, mtu mfupi, alishukuriwa. Wapita njia hawakukishusha hata kidogo.

Hakuna aliyeitisha mkutano kuhusu jambo hilo. Wala hakuna aliyesema wageni wanyimwe, kwa sababu maji hayanyimwi mtu. Mstari uliongezwa watu tu. Kwanza walikuja jamaa kutoka Namoruputh na Kataboi. Walipokwisha, wakaja watu wa kambi ya wakimbizi ya Kakuma waliopata ruhusa ya kutoka, wakilipwa maziwa. Aluong alikuwa mmoja wao. Mwingine alikuwa Gatluak, kijana mrefu sana. Alipokunywa, kisima kilizama, naye akaingia kusimama katika nafasi ileile aliyoiongeza.

"Wewe umekuja na shimo lako mwenyewe," Aluong alimwambia. "Hujasaidia mtu."

"Na wewe umekuja na mdomo," Gatluak alijibu. "Huo nani ataujaza?"

Kambini wawili hao, wa makabila yaliyopigana kwao, hawakuwa wakisalimiana. Sasa Gatluak alisimama wa mwisho, juu tu ya Akuwam.

Karibu na adhuhuri ujumbe ulipanda kutoka chini. Mstari ulikuwa na lugha nyingi, kwa hiyo ujumbe ulipita mdomo kwa mdomo kwa Kiswahili.

"Akuwam anasema ile kitu alisikia juzi inagonga tena," Aluong alisema. "Huko kwa ukuta wa kusini. Anasema leo iko karibu."

"Karibu namna gani?"

Swali lilishuka. Jibu lilipanda, na kila aliyelibeba alilipunguzia sauti, hadi Aluong akalisema kwa kunong'ona.

"Akiweka mkono kwa ukuta, mkono inaruka."

Nawoi alitazama jerikeni. Mbuzi wake walikuwa bado hawajanywa.

"Mwambie apande," alisema.

Wimbo ulikatika. Nawoi alilala kifudifudi ukingoni. Aliona kichwa cha Aluong, na kichwa kilichofuata, kisha giza. Mchanga ulikuwa ukimwagika mahali fulani humo ndani, kidogo kidogo.

Ndipo pikapu ilipofika. Ilimleta Omollo, msimamizi wa nyumba mpya ya wageni, pamoja na watu walioajiriwa kwenye visima vya mafuta. Omollo alikuwa mtu wa adabu. Alitoka Kisumu mwaka uliotangulia, alijua yeye mwenyewe alikishusha kisima kiasi gani, na kila alipopita alitoa pole.

"Ejok, mama."

"Ejok."

"Nimekuletea wageni. Wako na kiu. Bomba ya mjini imekauka tena."

"Wangoje kidogo, ndugu yangu. Iko mtu chini anapanda."

"Watangoja," Omollo alisema.

Wakangoja, wamesimama kando ya jerikeni zilizojaa. Mmoja wao alikuwa mwanamke aitwaye Maryanne, mpishi, aliyembeba mtoto mgongoni. Midomo ya mtoto ilikuwa imepasuka na alikuwa ameacha kulia.

"Akuwam amefika wapi?" Nawoi aliuliza.

"Bado hajashika mguu ya Gatluak," Aluong alisema. "Anafunga kopo mgongoni."

Nawoi alimtazama mtoto tena, akampima kwa macho. Hakuzidi urefu wa mkono wake. Alijaza kopo kutoka kwenye jerikeni akampa, na kisima kikashuka kidogo, kama mtu anayejiweka sawa kitandani.

Lakini kopo lililokwisha kuwekwa mkononi mwa mgeni halichukuliwi. Maryanne alilipokea kutoka kwa mtoto, akanywa, akampa jirani yake, naye jirani akampa mwenzake. Kila mmoja alisema asante, mama. Walikuwa watu wenye miili mikubwa, waliochaguliwa kwa kazi nzito. Chini ya mchanga kulisikika sauti kama ya gunia linaloburutwa.

Gatluak alikuwa ameteremsha mguu ili Akuwam aushike. Alingoja, na mguu haukushikwa. Sakafu ilikuwa imekwenda naye.

"Gatluak amwite," Nawoi alisema.

"Amemwita."

"Amejibu?"

"Amejibu. Iko mbali."

Omollo alivua kofia. "Pole, mama. Mji ikikua ni hivyo."

"Nipe hawa waliokunywa," Nawoi alisema. "Wamekuja na urefu wao. Wakiingia wote, mstari utamfikia."

Omollo aliwatazama wageni. Mmoja alisema kazi inaanza kesho alfajiri na aliyechelewa hupoteza nafasi. Mwingine alisema anaogopa giza. Maryanne alisema angeingia kama si mtoto, na huenda ilikuwa kweli. Omollo aliahidi kuuliza kundi litakalofuata.

"Nalo litakuwa na kiu," Nawoi alisema.

"Ndiyo, mama," Omollo alikubali, akawasha gari.

Watu wa mstari hawakutoka. Nawoi alichukua ngozi za mbuzi, akazikata vipande vyembamba, akaanza kusuka kamba. Jua liliposhuka kwenye vilima, kamba ilikuwa haijamfikia hata mtu wa tatu. Aluong akaita, bila kuinua uso.

"Dada. Anasema ile kitu imeacha kugonga."

"Vizuri."

"Anasema sasa inaongea. Inaomba maji. Anauliza, aipe?"

Vidole vya Nawoi vilisimama. Hakuwahi kumnyima mtu maji, wala mama yake hakuwahi.

"Muulize iko na urefu gani," alisema.

Swali likashuka, mdomo kwa mdomo, hadi akawa halisikii tena. Alisuka mpaka vipande vya ngozi vikawa havionekani mikononi, akaibana kamba chini ya jiwe ili aendelee kesho. Jibu lilikuwa bado halijapanda.