Nasikia Gesi

Kiema alifungua ile vali kwa mkono wake mwenyewe, na hakuna aliyemshikia bunduki. Meneja wake, Justus, alisimama nyuma yake tu, macho langoni, kofia ya kazi ikiwa bado na stika ya dukani.

"Tangi la gesi linajaa presha na kompresa imekufa," Kiema alikuwa amemwambia. "Sheria inasema tuichome kwa mnara."

"Tukiwasha mnara, moshi utaonekana mpaka barabara ya Mombasa, na huyo mama wa ukaguzi ako njiani. Itoe na bomba la nyuma. Nani ataona?"

Hapo Justus alisema kweli, na ndiyo sababu maneno yake yalikuwa mabaya. Moshi humkera hata mpita njia. Gesi ikiachiwa hivi hivi haimkeri mtu mpaka iingie kifuani. Leseni ya usafi wa hewa ya mtambo huo wa gesi wa Athi River ilikuwa inakaribia kuisha. Mkaguzi angeiongeza au angeifuta, na ikifutwa, wote wangerudi nyumbani kulima. Kiema akazungusha gurudumu la vali mpaka mwisho.

Bomba la nyuma lilipita chini ya ukuta na kutokea kwenye mtaro. Kando ya mtaro huo palikuwa na safu ya nyumba za kupanga, na mojawapo ilikuwa yake yeye Kiema. Naam, yake. Kila alipofungua vali hiyo, na alikuwa ameifungua mara nyingi, alijiambia kwamba upepo utaibeba. Mtu akitaka kujidanganya hakosi upepo.

Muda si mrefu simu ya ofisi ikalia. Alikuwa mkewe, Kalunde.

"Baba Kamanthe, nasikia gesi."

Kiema alivuta pumzi kwa uchovu. Tangu wahamie hapo kutoka Mitaboni, Kalunde alikuwa akisikia gesi akiamka, akisikia gesi akifua, akisikia gesi binti yao Kamanthe akikohoa usiku kucha.

"Ni ile tu ya kila siku. Fungua madirisha."

"Hapana, ya leo nasikia iko hapa chini ya—"

"Kalunde, tuko na mgeni kazini."

"Hata mimi niko na wageni. Jumuiya ya kanisa inasali kwangu leo, umesahau? Wamama washafika."

"Basi mtuombee," Kiema akasema, akakata simu.

Mkaguzi aliitwa Zamzam, mwanamke mpole kutoka Machakos mjini, na kifuani alining'iniza kipimo cha gesi cha ukubwa wa redio ndogo. Kipimo kilikuwa kimya. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa; ilikuwa imeteremka nyuma kwenye mtaro, mbali na upande wa mbele alikokuwa akitembezwa.

"Nashangaa," alisema. "Mitambo mingine unaisikia ukiwa bado uko barabarani."

"Sisi tulijirekebisha kitambo, madam," Justus akajibu huku amejaa tabasamu.

Zamzam aliangalia pipa la dawa ya harufu. Lakiri yake ilikuwa haijakatwa. "Ama hamjaitia harufu?"

"Bado, madam," Kiema akadakia, kwa haraka ya mtu anayeijua kazi yake. "Hii ya leo ilikuja bila harufu. Tutaitia kesho."

Maneno yalimtoka, kisha yakamrudia mwenyewe. Gesi haina harufu yake. Hutiwa dawa ile inayonuka ili watu wajue ikivuja. Kama haijatiwa, basi Kalunde alikuwa anasikia nini?

Kwa lugha yetu mtu husikia kila kitu. Tunasikia harufu, tunasikia baridi, tunasikia njaa. Siku zote Kalunde alisema nasikia, akimaanisha pua. Leo alimaanisha sikio. Gesi ilikuwa ikipiga mluzi chini ya dirisha lake, na mumewe alikuwa amemkatia simu. Tena jumuiya haianzi kusali kabla ya kuwasha mshumaa.

Woga ulimshika Kiema. Alipiga simu ya mkewe. Imezimwa, maana wamama huzima simu wakianza sala. Alikimbia nyuma akaifunga vali, Zamzam akimfuata, na walipofika ukutani kipimo kikaanza kulia.

"Hiyo vali ni ya nini?" Zamzam akauliza.

Kiema alikuwa ameshafika kwenye kidude chekundu cha king'ora. Justus akamdaka mkono. "Wacha ujinga! Ukibonyeza hiyo tumefungwa. Itapeperuka yenyewe."

"Bibi yangu ako huko chini!"

Alimsukuma meneja, kofia ikaanguka, akabonyeza. King'ora kikalia eneo zima, naye akatoka mbio kwa mlango wa nyuma. Kando ya mtaro ukungu mweupe ulikuwa umelala juu ya nyasi. Alivuta hewa na hakunusa chochote, na hilo ndilo lililomtisha zaidi.

Wamama walikisikia king'ora. Wakadhani ni yale mazoezi ya kila mara, wakapandisha sauti ya wimbo. Kiema alipoingia na buti zake, mama mmoja alikuwa ameshika njiti ya kiberiti, ndio anataka kuikwaruza. Alimpokonya.

"Umai nza!" alipiga kelele kwa Kikamba, kisha kwa Kiswahili, kisha kwa lugha zote mbili kwa pamoja. "Tokeni nje! Msiwashe kitu! Pandeni juu!"

Alimbeba Kamanthe mgongoni, wakakimbia wote mpaka kwenye mwinuko wa barabara. Zamzam na Justus wakawakuta hapo, wanahema.

"Nani aliifungua?" Zamzam akauliza.

"Ni hitilafu tu, madam, vali imezeeka," Justus akasema.

"Ni mimi," Kiema akasema. "Na si leo pekee. Tumekuwa tukiitoa hapo miezi mingi."

Alitarajia mkaguzi ndiye atakayemjibu. Aliyeongea ni Kalunde, kwa sauti ya chini, na hakumwita Baba Kamanthe.

"Kiema. Hii kifua ya mtoto ni wewe?"

Alimtoa Kamanthe mgongoni mwa mumewe, akamfunika pua kwa leso, akaenda kusimama upande wa Zamzam.